Kuanguka kwa Lowassa kusimuliwe kuanzia kwenye maji, si kwenye umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu namna magazeti yetu, lako likiwamo, yanavyosimulia kuanguka kwa Hayati Edward Ngoyai Lowassa. Kila inapofika Februari, ambao ni mwezi aliojiuzulu na pia mwezi aliofariki dunia, makala huandikwa juu yake, na karibu zote huanzia mahali pamoja: asubuhi ya tarehe 7 Februari 2008, ukumbi wa Bunge Dodoma, Waziri Mkuu akisimama kuwaeleza wabunge kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kuachia ngazi. Kutoka hapo mwandishi hurudi nyuma miezi ishirini, hadi mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond wa Juni 2006, kisha huruka mbele hadi uchaguzi wa 2015. Kwa maoni yangu, anayeanzia hapo amekwisha kupoteza nusu ya kisa. Kilichomwangusha Lowassa hakikuzaliwa mwaka 2006. Kilikuwamo katika namna yake ya kufanya kazi tangu alipokuwa waziri wa kawaida, na sisi wananchi tulikiona, tukakipenda, tukakipigia makofi.

Niseme mapema nimesimama wapi, ili msomaji asije akanitafutia chama. Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi katika Wilaya ya Kahama na sasa nimestaafu. Sikuwahi kuonana na Lowassa uso kwa uso, sina deni kwake wala kinyongo naye. Nilikunywa maji yake na nilifundisha katika madarasa yake, na kwa sababu hiyo hiyo naona nina wajibu wa kusema.

Habari za kupanda kwake zinajulikana na sitazirefusha. Alizaliwa Monduli mwaka 1953, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, akaongoza Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, akaingia bungeni mwaka 1990 na serikalini mwaka huo huo. Mwaka 1993 alikuwa Waziri wa Ardhi. Mwaka 1995 yeye na rafiki yake Jakaya Kikwete waliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, na wote wawili wakakosa, nafasi ikaenda kwa Benjamin Mkapa. Lowassa alikaa nje ya Baraza la Mawaziri kwa miaka miwili, akarudi mwaka 1997, na mwaka 2000 Mkapa akamkabidhi Wizara ya Maji na Maendeleo ya Mifugo. Hapo ndipo mimi ningependa kisa kianzie.

Anayeijua Kahama ya miaka ile anajua thamani ya dumu la maji. Wauza maji walipita alfajiri na baiskeli zilizofungwa madumu mpaka gurudumu la nyuma lisionekane, na mwenye nyumba asiyekuwa na fedha asubuhi hiyo alikopa. Jikoni kwetu lilining'inia daftari dogo kwa uzi, mke wangu akiandika humo madumu tuliyokopa, na mwisho wa mwezi deni la maji lililipwa kabla ya deni la duka. Ziwa Victoria halikuwa mbali nasi kiasi cha kutuacha katika hali hiyo. Kikwazo kikubwa kilichotajwa siku zote kilikuwa makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri, ambayo yaliipa Misri sauti ya mwisho juu ya kazi yoyote kubwa katika maji ya mto Nile na maziwa yanayoulisha. Mwalimu Nyerere alikwisha kutangaza mwaka 1962 kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano hayo, lakini kutangaza ni jambo moja na kutandika bomba ni jambo jingine. Ilipofika mwaka 2004, Lowassa akiwa waziri mwenye dhamana, Serikali iliamua kuchota maji Ihelele, kwenye mwambao wa ziwa upande wa Misungwi, na kuyaleta Shinyanga na Kahama, bila kusubiri ruhusa ya Cairo.

Maji yenyewe yalitufikia mwaka 2009. Bomba la mtaani lilipofunguliwa lilitema kwanza upepo, halafu maji mekundu ya vumbi la mabomba mapya, halafu maji safi, na mke wangu akajaza kila chombo ndani ya nyumba, pamoja na masufuria ya sikukuu yaliyokuwa juu ya kabati, kana kwamba bomba lingefungwa jioni ile lisifunguliwe tena. Mtu aliyeusukuma mradi ule alikuwa amekwisha kuondoka madarakani kwa zaidi ya mwaka. Nakumbuka jirani yangu mmoja akisema kwa uchungu wa kweli kwamba tumemfukuza aliyetuletea maji.

Katika wizara hiyo hiyo alifanya jambo la pili, ambalo makala zenu hulipita haraka. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikodishwa kwa kampuni ya City Water, ambayo wenye hisa wakubwa walikuwa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, kwa mkataba wa miaka kumi. Haikupita miaka miwili malalamiko yakawa mengi, na Mei 2005 Lowassa akatangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Wiki chache baadaye viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Nchi nzima ilishangilia, na mimi nikiwamo: waziri wa Kiafrika amewaambia wawekezaji wakubwa watoke, wametoka. Baadaye baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji lilitoa uamuzi wake Julai 2008, likasema kampuni haikustahili kulipwa fidia yoyote, kwa kuwa hasara yake haikutokana na matendo ya Serikali, lakini likasema pia kwamba Serikali ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyolitekeleza jambo hilo, likiwamo tangazo la waziri lililotangulia hatua za mkataba. Nawaomba wasomaji walitafakari hilo polepole. Tulikuwa na haki katika shina la jambo, tukapatikana na kosa katika utaratibu.

Huyo ndiye Lowassa tuliyemjua na kumpenda. Alikuwa mtu wa kuamua, na neno lake la miaka ya baadaye, "maamuzi magumu", halikuwa pambo la jukwaani. Palipokuwa na faili lililolala mezani kwa miaka, aliliamsha. Palipokuwa na kamati isiyokwisha, aliimaliza. Alipopita juu ya utaratibu na tukapata maji, hakuna aliyeuliza utaratibu umeishia wapi.

Desemba 2005 Kikwete akawa Rais kwa kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya, na tarehe 30 ya mwezi huo Lowassa akawa Waziri Mkuu. Kasi hiyo sisi walimu tuliipata kwenye sekondari za kata. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulikuwapo tangu 2004, lakini ni Lowassa aliyewashikia wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya fimbo hadi kila mtoto aliyefaulu darasa la saba apatiwe chumba cha kusomea. Jioni moja mwanzoni mwa 2007 mtendaji wa kata alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne, jasho likimtoka, akanionyesha tarehe ambayo vyumba viwili vilitakiwa viwe tayari. Nilimwuliza kuhusu mabati, kwa kuwa michango haikutosha hata nusu. Akanijibu, "Mwalimu, hii ni ya Waziri Mkuu, haijadiliwi." Matofali yalichomwa, kina mama wakabeba maji ya kufyatulia kwa vichwa, na chumba cha pili kikafunguliwa kikiwa kimeezekwa nusu. Nilifundisha aljebra humo watoto wakiwa wamekalia matofali, na mvua ilipoanza, walionyeshewa walihamia upande wenye bati bila kuambiwa, daftari likiwa limefunikwa kwa kifua. Tulikuwa walimu watatu kwa masomo yote. Maabara haikuwapo, na mtihani wa taifa haukutuhurumia kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, binti mmoja wa chumba kile leo ni muuguzi, na baba yake hangeweza kumpeleka bweni la mbali hata kwa kuuza ng'ombe wote. Siwezi kusimama leo nikasema shule ile haikupaswa kujengwa. Ninachosema ni kwamba neno la mtendaji yule, kwamba jambo la Waziri Mkuu halijadiliwi, lilikuwa limekwisha kuwa sheria katika ofisi za nchi hii, kutoka kata hadi wizara. Ofisi yetu ya kata iliogopa kuuliza habari za mabati. Wizara nyingine zikaogopa kuuliza mambo makubwa zaidi.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera likiwa limeshuka vibaya, na mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku. Serikali ilihitaji mitambo ya dharura, na hapo hapakuwa na ubaya. Zabuni ilianza kushughulikiwa na TANESCO, ambao ndio wenye kazi hiyo na wataalamu wake, kisha Wizara ya Nishati na Madini ikalichukua jambo mikononi mwake. Juni 2006 mkataba wa kuzalisha megawati 100 ukasainiwa na Richmond, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Kwa mujibu wa taarifa ya Kamati Teule ya Bunge, kampuni hiyo haikuwa na uzoefu, fedha wala utaalamu wa kazi iliyopewa. Mitambo haikufika kwa wakati, mvua zikarudi, na kabla mwaka haujaisha mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Malipo ya kuwapo tu kwa mitambo, iwashwe isiwashwe, yalikuwa shilingi milioni 152 kwa siku, takwimu ambayo mwaka ule hata watoto wa shule waliijua kwa kichwa. Na deni halikuishia hapo: Novemba 2010, baada ya TANESCO kuuvunja mkataba, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi iliamuru ilipwe Dowans takriban shilingi bilioni 94.

TAKUKURU ilichunguza na mwaka 2007 ikasema haikuona rushwa. Bunge halikuridhika, na Novemba 2007 Spika Samuel Sitta akaunda Kamati Teule ya wabunge watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yao ilisomwa tarehe 6 Februari 2008. Nilikuwa na redio ndogo ofisini kwa walimu, na siku ile hakuna kengele iliyogongwa kwa wakati. Kamati ilieleza jinsi wataalamu wa TANESCO walivyowekwa kando, jinsi maswali ya msingi kuhusu kampuni yalivyoachwa bila majibu, na jinsi mkono wa ofisi ya Waziri Mkuu ulivyoonekana katika mchakato, kisha kuhusu Waziri Mkuu mwenyewe ikamwachia ajipime. Kesho yake akajiuzulu. Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, waliopata kuiongoza Wizara ya Nishati kwa nyakati tofauti katika jambo hilo, nao wakajiuzulu, Baraza lote la Mawaziri likavunjika, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu.

Mhariri, siku ile nilifurahi, na leo nakiri kwamba furaha yangu ilikuwa na upungufu. Katika maelezo yake bungeni Lowassa alilalamika jambo moja lililonipita masikioni kwa sababu ya kelele za siku ile: kwamba Kamati ilimtuhumu bila kumwita na kumsikiliza. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Najua jibu la wanasheria, kwamba Kamati Teule si mahakama, haikumhukumu kifungo, na kwamba uwajibikaji wa kisiasa hausubiri ushahidi wa kiwango cha mahakama. Nakubaliana nao. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani Januari 1977 kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, hakuna aliyesema kwamba yeye alimpiga mtu. Dhamana ilikuwa yake, akaibeba, na miaka minane baadaye akawa Rais. Lowassa kujiuzulu kulikuwa sahihi kwa kipimo hicho hicho. Lakini kashfa ya Richmond haikuwa ya dhamana tu. Ilikuwa tuhuma kwamba watu walipindisha sheria ya ununuzi kwa faida ya kampuni, na tuhuma ya namna hiyo ina mahali pake pa kumalizikia.

Mahali hapo ni mahakamani, na nchi hii inajua njia ya kufika huko. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2008, mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, pamoja na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa shauri la kampuni iliyokagua dhahabu na kusamehewa kodi, wakidaiwa kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Kesi ilichukua miaka karibu saba. Julai 2015 Mramba na Yona wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, ambacho rufaa ilikipunguza hadi miaka miwili, na Mgonja akaachiwa huru. Februari 2016 wawili hao wakapewa kifungo cha nje, wakawa wanafanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Picha ya waziri wa fedha wa zamani, mzee wa umri wake, akiwa na vifaa vya usafi kwenye uwanja wa hospitali, sikuitazama kwa raha. Hata hivyo, watu watatu waliingia chumba kimoja cha mahakama, kila mmoja akasema yake, ushahidi ukapimwa, wawili wakatiwa hatiani na mmoja akatoka akiwa safi mbele ya sheria, na hakuna mtu mwenye haki ya kumnyooshea Mgonja kidole kwa shauri lile tena.

Lowassa hakupata hilo, wala sisi hatukulipata. Bunge lilipitisha maazimio 23, Serikali ikaleta taarifa za utekelezaji moja baada ya nyingine, na mwaka 2010 mjadala ukafungwa bungeni. Hakuna waziri hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa ajili ya Richmond. Mwenyewe alishikilia hadi mwisho kwamba hakutenda kosa na kwamba uamuzi haukuwa wake peke yake, na mara kwa mara aliwaambia wenye ushahidi wampeleke mahakamani. Mwaka 2016 tukaanzisha hadi divisheni ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, ambayo wananchi waliiita mahakama ya mafisadi, na Lowassa alikuwa hai, akiishi nchini, anwani yake ikijulikana. Hakuitwa.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2015, na naamini hatujayaona yote. CHADEMA, ambao Septemba 2007 pale Mwembeyanga walisoma jina lake katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi waliyoiita ya aibu, walimpokea Julai 2015 na kumfanya mgombea wao wa urais chini ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na Dk. Willibrod Slaa aliyeisoma orodha ile akaondoka. CCM, ambao wajumbe wa Halmashauri Kuu yao waliimba kwamba wana imani na Lowassa baada ya jina lake kukatwa miongoni mwa walioomba kugombea urais, wiki chache baadaye wakawa wanaitaja Richmond jukwaani kana kwamba aliyehusika hajawahi kuwa Waziri Mkuu wao. Watu zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40 ya waliopiga kura, wakamchagua. Machi 2019 akarudi CCM, akapokewa kwa shangwe kwenye ofisi ya chama Lumumba, na Richmond ikanyamaza tena. Tarehe 10 Februari 2024 akafariki, tukamwombolezea siku tano, akazikwa Monduli kwa heshima za kiserikali, na siku kumi na tisa baada yake akafuata Mzee Mwinyi. Mimi sikuona ubaya katika heshima ile, kwa kuwa utumishi wake ulistahili. Lakini nilijiuliza: kama alikuwa na hatia, imekuwaje tukamwombolezea bila kulitaja? Na kama hakuwa na hatia, imekuwaje akafa na jina la Richmond shingoni kwa miaka kumi na sita?

Ndiyo maana nasema kisa hiki kisimuliwe kuanzia kwenye maji. Ukianzia kwenye umeme, utakuwa na chaguo mbili tu, ambazo ndizo zinazojaza kurasa zenu: ama Lowassa alikuwa mwizi aliyenaswa, ama alikuwa mwadilifu aliyechimbiwa shimo na wenzake waliouogopa urais wake. Kila upande una wapambe wake na hakuna anayeweza kumshinda mwenzake, kwa sababu hapakuwahi kuwa na hukumu. Ukianzia Ihelele, City Water na chumba changu cha nusu bati, utamwona kiongozi mmoja yule yule, mwenye nia, mwenye nguvu, asiyependa kuzuiwa na bodi wala makaratasi, na utaona nchi iliyomfundisha kwa makofi kwamba makaratasi hayana maana. Kisha utaona nchi hiyo hiyo ikimwondoa kwa haraka ile ile iliyomtukuza, ripoti siku moja, barua ya kujiuzulu siku ya pili, Waziri Mkuu mpya siku ya tatu, bila kulipeleka jambo mahali ambapo lingechambuliwa kwa utulivu. Utaratibu tuliuruka alipopanda na tukauruka alipoanguka. Mtendaji wangu wa kata na Bunge zima la Jamhuri walikuwa na ugonjwa mmoja katika hilo, na mimi mwenyewe niliyenyamaza kuhusu mabati sijioni kuwa mzima.

Sisemi haya kumtetea marehemu. Taarifa ya Kamati ina mambo mazito ambayo hayafutwi na maji ya Kahama, na shilingi milioni 152 za kila siku zilitoka katika hazina ile ile iliyokosa fedha za mabati yetu. Nasema kwa sababu bado nasikia vijana wakimsifu kiongozi kwa kuvunja mkataba mbele ya kamera au kumsimamisha mtumishi kazi kwenye mkutano wa hadhara kabla hajaulizwa neno, wakisema huyu ndiye mtu wa vitendo. Vijana hao walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wakinyonya siku ile redio ilipokuwa ikinguruma ofisini kwetu, nao wanachokijua kuhusu Lowassa ni picha ya mvi zake na neno Richmond.

Nina ombi kwako, Mhariri. Chapisheni kwa mfululizo taarifa ya Kamati Teule kama ilivyosomwa tarehe 6 Februari 2008, na ubavuni mwake maelezo ya Lowassa ya kesho yake, neno kwa neno kutoka Kumbukumbu Rasmi za Bunge, bila uchambuzi wa mtu kutangulia. Halafu wekeni uamuzi wa Julai 2008 kuhusu City Water na ule wa Novemba 2010 kuhusu Dowans, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukifuata, kwa kuwa vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza na fedha zilizozungumzwa humo zilikuwa zetu. Iwapo maktaba yenu haina magazeti ya wiki ile, mimi nimeyahifadhi sandukuni, yote ya tangu tarehe 6 hadi tarehe 13, ingawa yameanza kukatika kwenye mikunjo. Nitayatuma kwa basi hadi ofisini kwenu mkiniahidi kwamba mtayarudisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kahama, Shinyanga.